Mstari wa Saba kwenye Ubao wa Ndiva

Shangazi yangu Nakijwa,

Shikamoo. Najua ungekawia kuitikia. Ungemaliza kwanza kupepeta maharage, ndipo useme, "Marahaba, katibu," kwa sauti ile iliyonifanya nijione bado mtoto, ingawa nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kijiji chetu cha Ujamaa kilikuwa kimenikabidhi kalamu.

Nimefungua shajara yangu ya mwaka ule tulipojenga upya ukuta wa ndiva. Wajukuu wako hawakuuona mwaka huo, kwa hiyo naeleza. Ndiva yetu, bwawa la kukusanyia maji ya mfereji, ilikuwa imebomoka upande wa chini. Pembe ya msaragambo, kazi yetu ya pamoja, ililia kila Jumanne na Alhamisi, kila kaya itoe mtu wa kubeba mawe. Waliojituma walipata zamu ya maji mapema. Waliozembea walingoja mwisho.

Ubao wa kupimia kazi niliutengeneza mimi. Nilitoboa matundu kwa msumari wa moto, mstari mmoja kwa kila kaya, na kila aliyeleta mzigo wa mawe alichomeka kijiti. Jumamosi nilitupa jicho tu, nikajua nani anakwenda na nani anavuta miguu. Niliupenda ubao ule kuliko cheti changu.

Ulipofiwa na mume ukarudi nyumbani, nilikupa mstari wa saba. Mstari huo ulikuwa wa kaya iliyohamia Bendera, kule tambarare. Nilifuta jina lao, nikaandika lako. Nilidhani nimemaliza.

Mkutanoni nikasoma, "Mstari wa saba: hakuna kitu." Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Mjane wetu kumbe ni kupe!" Watu wakacheka. Ukasimama, kanga umeikaza kiunoni.

"Nimebeba. Bega hili hapa, njoo uliguse."

"Shangazi, ubao hausemi uongo."

"Basi mwanangu, uulize huo ubao nani alikulea mgongoni mama yako alipougua."

Wakacheka tena, safari hii wakinicheka mimi. Lakini zamu yako ilisogezwa mwisho. Wiki mbili nilipita kando ya shamba lako, nikaona maharage yakikunja majani, nikasema moyoni kwamba haki ni haki.

Jumapili moja baada ya ibada nilikuwa nikitafuta jambo jingine kwenye shajara, nikakuta nimeandika: "Jumanne. Shangazi Nakijwa amenipita mteremkoni na jiwe ambalo mimi nisingeliinua. Ameniambia nisogee, nisije nikakanyagwa." Mwandiko wangu mwenyewe. Na juma hilohilo niliusoma mstari wako mtupu.

Alhamisi sikubeba mawe. Nilikaa karibu na ubao tangu pembe ilipolia. Ulichomeka vijiti vinane. Watu walipotawanyika, akaja mzee Elieza, mlinzi wa mfereji, na karatasi mkononi. Akaanza kuving'oa vijiti vyako kimoja kimoja, akivitia mfukoni.

"Mzee, shikamoo. Unafanya nini?"

"Marahaba. Nasafisha mstari wa waliohama. Si wewe uliyeniandikia?"

Akanionyesha. Mstari wa saba, wamehama, vijiti ving'olewe vitumike kwingine. Nilikuwa nimebadili ubao, sikubadili karatasi. Kila juma kazi yako ilifutwa kwa amri yangu, na mzee wa watu, aliyehesabu mistari bila kusoma majina, akitii tu.

Niliichana karatasi ile. Niliuliza wanawake uliokuwa ukipanda nao mteremko na mawe, nikarudisha vijiti vyako vyote. Niliweka sheria: mstari wa aliyehama hapewi mwingine mpaka kila karatasi yenye jina la zamani iletwe na kuchomwa mbele yetu. Ubao haukukosea tena. Zamu ya kwanza ya maji ukapewa wewe. Mkutanoni nikasema maneno mawili tu: "Ubao umerekebishwa."

Ulinifuata hadi njiani. "Ubao umepona, katibu. Na jina langu je?"

"Watu watasahau, shangazi."

Ulinitazama, ukajitwika kikapu chako, ukaenda.

Hawakusahau. Siku ya mazishi yako nilisikia mtu akimwambia mwenzake, "Alikuwa mama mwema, ila kazi ya pamoja hakuiweza." Nilikuwa nimeshika koleo. Nikaendelea kufukia kaburi. Hilo ndilo lililoniondolea usingizi, kuliko hata maharage.

Juma lijalo pembe italia, tunasafisha ndiva. Nimemwomba mwenyekiti anipe nafasi kabla mtu hajagusa jembe. Nitaisoma barua hii mbele ya ukuta ambao wewe uliubebea mawe, na mwisho nitasoma ubao kama nilivyopaswa kuusoma siku ile:

Mstari wa saba, Nakijwa. Umejaa. Aliyekosea ni katibu.

Pumzika, shangazi. Bega lako nimeligusa, nimechelewa.

Mwana wa kaka yako