Supu kwa Baba, Nyama kwa Boram

Jumapili, 20 Agosti

Nimefika nyumbani Naju. Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini — na ng'ombe mwenyewe ni mimi, mpiga mieleka mzima, goti limeshonwa mwezi wa nne. Klabu imenipa likizo hadi lipone. Paja la kulia ni langu. La kushoto ni la mtu mwingine, mwembamba, simjui.

Baba hakuja mlangoni. Alikuwa kwenye kile kiti cha kukanda mwili alichonunuliwa na kaka Hyonchol. Cheusi, kikubwa, kinanguruma. Kaka anavyojivunia kiti hicho! Majirani walikuja kukitazama kama wanatazama bibi harusi. Mtoto mwema hamwachi mzazi ahangaike, ndivyo tulivyolelewa. Basi tangu homa ya mapafu ya mwezi wa tatu, baba hahangaiki. Hakunji hata godoro lake la sakafuni.

Aliniangalia juu mpaka chini, akasema nimekonda. Mimi! Nilicheka mpaka goti likauma. Kisha akataka kusimama anikaribishe. Akasukuma mikono, akasukuma tena, akarudi chini. Nikaacha kucheka.

Jumatano, 23 Agosti

Kaka na wifi Jisuk wamekuja. Baada ya kula kaka akanivuta getini. Ameandikisha jina la baba kwenye makao ya wazee kule Gwangju. Nafasi imepatikana, wanampokea baada ya Chuseok, sikukuu ya mavuno.

Nikamwambia anataka kumtupa baba. Nilisema kwa sauti. Mimi sauti ya chini sijui.

"Nani atamwinua, Boram?" akaniuliza. "Wewe una goti moja. Yeye hana hata moja."

Nilikuwa na tusi zuri mdomoni. Nikaona macho yake yamejaa. Akanieleza: Julai alimkuta baba kwenye sakafu ya bafu. Alikuwa hapo tangu asubuhi, ameita mpaka sauti imekauka. Kaka hakuniambia siku zote hizi. Mjinga huyu, naye anampenda.

Tumekubaliana hivi: siku ya Chuseok, mbele ya meza ya kuwakumbuka marehemu babu na bibi, baba atawasujudia mara mbili kama kila mwaka. Magoti chini, paji la uso chini, halafu ainuke mwenyewe bila kuguswa. Akiweza, anabaki hapa. Asipoweza, anaondoka.

Tukarudi ndani. "Mmeshapatana bei?" baba akauliza. "Au mnadani bado wanaongeza?" Masikio yake hayajakonda hata kidogo.

Jumanne, 29 Agosti

Leo nimejua.

Kazi moja tu baba hajakubali kunyang'anywa: kupakua supu. Sufuria ya supu ya mifupa naiweka mbele yake, anapakua akiwa amekaa, mimi napeleka bakuli mezani. Supu nyeupe kama maziwa, anakunywa asubuhi na jioni, na kila mtu mtaani anamsifu: mzee analishwa vizuri yule!

Leo nikachanganya bakuli. Nikatia kijiko: supu, wali, vitunguu vya majani. Nikakoroga mpaka chini. Hakuna hata kipande cha nyama.

"Hilo langu," akasema. "Lirudishe."

"Nyama yako iko wapi, baba?"

"Nyama ya nini? Nguvu yote imeshaingia kwenye supu. Nyama ni makapi tu, atafune mpiga mieleka."

Na yai? Huwa ananiwekea juu ya wali wangu. Na samaki? Minofu kwangu, yeye ananyonya kichwa na kusema ndiko kwenye utamu. Na kabla sijaja? Alimpa kaka. Na siku ambazo kaka hakuja?

Akatazama pembeni. "Paka naye ana tumbo."

Nilidhani paka wa jirani ana mimba! Kumbe ni nyama ya baba. Na mimi hapa nimekaa siku zote hizi, nameza miguu ya baba yangu kwa vijiti, nasema asante ni tamu.

Alhamisi, 31 Agosti

Nimempigia Dada Gwak, anayeninyoosha goti klabuni. Hana maneno matamu. Kasema supu inapasha tumbo joto na basi, haijengi paja. Paja linataka nyama, samaki, mayai, tofu, tena kila mlo, na mzee aliyetoka kitandani anavihitaji kama mchezaji aliyetoka kwa daktari. Na chakula peke yake hakitoshi, mwili lazima usukumwe. Nikamweleza kuhusu kiti. Akacheka. Kasema anayefanya mazoezi nyumbani kwetu ni kiti.

Baba alipokuwa amelala nikazungusha vidole vyangu kwenye kigimbi cha mguu wake. Vilikutana, na nafasi ikabaki. Mguu huu ndio uliokuwa unanibeba mgongoni kwenda kutazama mieleka sokoni.

Jumatatu, 4 Septemba

Vita. Namwekea nyama, anairudisha kwangu. Naiweka tena. Anasema mzazi gani atatafuna nyama mbele ya mtoto anayepona. Nasema mtoto gani ataijenga miguu yake kwa miguu ya baba yake. Kwa vijiti tumepigana kama watoto wa chekechea. Chakula kimepoa, wote wawili hatujala. Paka anasubiri chini ya meza, mshenzi.

Mwishowe mapatano: kila kipande nusu kwa nusu, na mimi nang'ata kwanza. Vinginevyo hataki.

Tena nimechomoa waya wa kiti. Nimemwambia kimeharibika. Alinitazama sana. "Maskini kiti," akasema, "kilikuwa bado kijana."

Alhamisi, 14 Septemba

Wazo limekuja wakati nafua mshipi wangu wa mieleka. Sisi mchezo wetu unaanzaje? Mnapiga magoti kwenye mchanga, kila mtu anashika mshipi wa mwenzake kiunoni na pajani, halafu mnasimama pamoja. Sasa si ndicho tunachokitaka!

Nikamfunga baba mshipi wangu mwekundu, mimi nikajifunga mwingine. Umemzunguka sana, umebaki mwingine wa kumfunga jirani. Tukapiga magoti juu ya mto wa kulalia, bega kwa bega. Goti langu likalalamika, lake likalia kabisa. "Usinivute," akasema. "Mimi si gunia." Basi sikumvuta. Nilimshikilia tu asianguke, nikasubiri.

Tukasimama! Tumesimama wote wawili, tunahema, tumeegemeana. Akanipiga kofi mgongoni akasema nimeanza kabla ya filimbi, nifukuzwe.

Nampenda mzee huyu. Sijui kumwambia. Nimemchemshia yai.

Jumamosi, 23 Septemba

Siku mbaya. Asubuhi alijaribu peke yake bila mshipi, mimi nikiwa dukani. Nimemkuta ameketi sakafuni ameegemea ukuta, anajifanya anatazama televisheni. Televisheni imezimwa.

Hakuumia. Ila jioni hakutaka hata nusu yake. Akasema nimpigie Hyonchol, waache kusubiri Chuseok, apelekwe tu. Akasema nirudi kwenye mchanga wangu, ujana haununuliwi mara ya pili.

Nikamfunga mshipi, nikapiga magoti mbele yake nikangoja. Nikangoja mpaka goti likafa ganzi. Akakohoa. Akashika mshipi wangu.

"Una kichwa kigumu kama mamako," akasema. Tukasimama. Kisha akala nusu.

Alhamisi, 28 Septemba

Wamefika kulala. Wifi Jisuk na mimi tumefinyanga vikeki vya mchele siku nzima, vyangu vibaya kama ngumi. Supu ya magimbi imeiva, nyama ya ng'ombe tele. Kaka ameuliza kwa nini waya wa kiti umekunjwa. Nikamtia kikeki mdomoni.

Baba kaniita pembeni. Kasema kesho asipoinuka, nisithubutu kumgusa. Atawaambia babu na bibi wasubiri, hawana haraka hao.

Naogopa kuliko fainali.

Ijumaa, 29 Septemba

Naandika nimesimama jikoni, daftari liko juu ya mfuniko wa sufuria. Mikono ina mafuta. Bora niandike sasa hivi kabla haijaamuliwa.

Baba alivaa koti lake la sherehe. Nilimpelekea mshipi, akatikisa kichwa. Akasimama mbele ya meza. Akashuka, goti moja, goti la pili, paji la uso chini. Akainuka. Polepole, mguu wa kulia mbele, vilevile tunavyofanya kwenye mchanga. Wifi alitoa pumzi nyumba nzima ikasikia.

Mara ya pili akashuka. Akabaki chini.

Akabaki tu. Niliona mgongo wake unatetemeka ndani ya koti. Kaka akapiga hatua kwenda kumshika. Nikamdaka kaka mkanda wa suruali! Mkono mmoja kiunoni, mmoja pajani, nikamning'iniza pale pale, goti likipiga kelele. Akanong'ona, "Niachie, wewe, ataumia!" Nikanong'ona, "Ukimgusa nakuangusha mbele ya babu." Alikuwa analia. Na mimi pia.

Mguu wa kulia ukaja mbele. Baba akaweka kiganja juu ya goti lake mwenyewe, akasukuma. Akasukuma. Akasimama.

Akageuka, akatukuta tumekumbatiana mikanda. "Nani ameshinda?" akauliza.

Kaka ametoka na simu. Kutoka dirishani namwona karibu na gari, anatembea huku na huku, anaongea. Na nani, wale wa makao? Kiganja juu ya goti — atasema hiyo si kuinuka mwenyewe? Lilikuwa goti lake! Wifi Jisuk naye amemfuata.

Baba amebaki mezani peke yake. Namwona kwenye upenyo wa mlango. Ametoa kipande cha nyama kwenye supu, kikubwa, kizima. Vijiti viko hewani, vinatafuta bakuli langu. Bakuli langu liko huku jikoni nimekuja nalo. Anatazama kulia. Anatazama chini ya meza — paka hayupo. Anatazama mlangoni.

Amekitia mdomoni. Chote. Anatafuna.

Sasa anavuta bakuli la supu karibu, anachovya vijiti tena. Kaka amekata simu, anakuja —