Ujumbe wa Hospitali

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu, wewe na shemeji na watoto. Natumaini mgongo umepunguza kukusumbua na yule mdogo amepona kikohozi. Mimi ni mzima wa mwili. Zaidi ya hapo sina la kujisifia.

Jumamosi mchana tulikuwa na mkutano wa kila mwezi wa sisi waandika programu, ule unaouita kikao cha wasiosalimiana kwa kuwa kila mtu macho yake yapo kwenye kompyuta. Tulijaa ukumbi wa juu wa maktaba. Projekta ikagoma kama kawaida, mpaka fundi wetu, Mzee wa Waya, alipoizaba kibao ikakubali.

Mgeni alikuwa mhandisi, mama wa makamo mwenye sauti ya upole. Alikuja kuzungumzia makosa madogo yanayokaa ndani ya programu miaka na miaka bila kuonekana. Mfano wake ulikuwa programu inayowaita wagonjwa wa hospitali ya rufaa kwa ujumbe wa simu, ambayo amekabidhiwa kuitunza mwaka huu. Alituonyesha ukutani mstari mmoja wa programu uliokuwa ukimruka mgonjwa yeyote asiye na tarehe kamili ya kuzaliwa. Mwenye mwaka peke yake alikuwa haitwi kamwe. Wameshapatikana mia mbili na kumi na wanne, wengi wao wazee.

Watu wakaguna. Mmoja wa nyuma akacheka, akauliza ni fundi gani huyo aliyelala kazini. Mgeni akajibu kwamba hamjui, wala hakuja kumsema mtu. "Ila ningependa kujua kama mwenyewe anajua," akasema.

Dada, ni mimi. Ile ndiyo kazi yangu ya kwanza baada ya chuo, ile iliyomfanya Mama aite majirani waje wanione. Mstari ule nilipouona ukutani niliutambua kama mtu anavyotambua mwandiko wake.

Na Mama alijua mwaka wake tu. Siku hakuna aliyeiandika. Uliniuliza mara tatu mbona ujumbe wa hospitali hauji. Nami kwa ujuaji wangu nikakujibu kwamba mashine haisahau mtu, msiende kuwasumbua madaktari, subirini. Mkasubiri miezi minne. Mlipokwenda, uvimbe ulikuwa umeshasambaa.

Mazishini uliomba radhi mbele ya wajomba kwa kuzembea. Mimi ndiye niliyekushika mkono nikakuambia umesamehewa.

Pale ukumbini sikujitaja. Nilipiga makofi na wenzangu, nikasaidia kupanga viti. Jumatatu ndipo nilipomfuata yule mhandisi ofisini kwake nikamwambia. Hakunifokea. Alisema mstari umesharekebishwa, na sasa wanawapigia simu wote walioachwa, ila simu nyingi zinapokewa na watoto wao, nao wanauliza mbona sasa.

Sikuombi msamaha, maana sijui ningeuweka wapi. Naomba uwaambie wajomba kwamba hukuzembea, ulimsikiliza mdogo wako. Barua hii wasomee yote, usiniruke popote kwa kunionea huruma.

Wasalimie watoto. Kama hutapenda kuwaambia salamu zimetoka kwa nani, nitaelewa.

Ni mimi,
mdogo wako wa mwisho