Maji Yaliyong'aa Pipani

Dada Kerttu mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka huku ziwani. Goti lako linaendeleaje, na majirani wako wa huko Uswidi wamejifunza kukusalimia au bado wanapita kama vivuli? Mimi ni mzima wa mwili. Nyumba tu ndiyo kubwa mno tangu mke wangu Helmi atutoke, na redio haijibu mtu.

Kisima chetu kilikauka kiangazi hiki, nikawa nateka ziwani. Mara ghuba yote ikageuka kijani kama mtu kamwaga rangi, na harufu yake sikwambii. Mwanangu Jarkko akapiga simu kusema hawezi kumleta mjukuu wangu Tuuli mahali pasipo na maji safi. Yule mtoto sijamwona tangu mazishi, Dada, na ninamkumbuka hadi naumwa. Basi nikajaza pipa maji ya ziwa, nikatia klorini, ile tuliyokuwa tukisafishia kisima. Kulipokucha, ukijani wote ulikuwa umekwisha, na ungeweza kuona hadi chini ya pipa. Nilijiona fundi. Nikamwambia Jarkko maji yapo, waje Jumamosi, naye akasema wataangalia.

Jumamosi nikaoka maandazi ya iliki kama alivyooka Helmi, nikawasha moto wa sauna waje waoge mvuke. Aliyetokea ni Raili wa ng'ambo ya ghuba, yule aliyestaafu kwenye maabara ya maji ya mji, amekuja kurudisha msumeno. Nikamwonyesha pipa kwa majigambo. Akauliza kama nimeyanywa, nikasema bado, nayaweka ya mgeni. Akakaa kwenye ngazi, akanieleza kwamba ule ukijani si mwani hasa, ni bakteria, na wengine wana sumu. Nikambishia kwamba klorini imeshawaua, na mfu haumi.

"Wamekufa, ndiyo," akasema. "Ila sumu walikuwa wameifungia ndani ya miili yao. Wewe umewapasua, Urho, wakaimwaga yote majini. Yakiwa ya kijani ungeyaogopa. Haya ungempa mtoto."

Nikauliza, nikiyachemsha je? Akasema kuchemsha hakuiondoi. Mjini wao huwachuja kwanza wakiwa wazima, klorini huja mwisho. Klorini nyingi ikipewa muda huweza kuivunja hata sumu yenyewe, lakini kwenye pipa la uani nani atapima? Nilikasirika, kisha nikaogopa, maana bilauri ya Tuuli nilikuwa nimeshaiosha na kuiweka mezani. Tukayamwaga shimoni, mbali na kisima.

Nikampigia Jarkko asije. "Baba, usihangaike," akasema. "Hata hivyo tulikuwa hatuji." Nilishukuru kwamba Raili alikuwa nje. Nilikaa jikoni nikalia, Dada, mtu mzima na aproni yangu ya unga. Raili alipoingia alikula maandazi mawili akasema iliki imezidi.

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi ananiletea dumu la maji kwa mashua yake. Tunakunywa kahawa, ananisimanga kwa namna ninavyokata kuni, kisha anaondoka, na mimi naanza kuingoja Jumamosi nyingine.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Mvua za vuli zilishanyesha na kisima kimejaa. Nilipeleka maji kupimwa, wakasema ni mazuri. Nami sijamwambia Raili. Madumu yake ya tangu hapo nimeyapanga ghalani, hayajafunguliwa, na kila akija nafunika kisima kwa mbao na kuficha ndoo. Najua ni utoto. Akikupigia simu, nakuomba usinichome.

Jumamosi iliyopita nilisahau ndoo ukingoni mwa kisima, imejaa pomoni. Raili aliitazama, akanitazama na mimi. Kisha akaweka dumu mlangoni, akavua buti, akauliza kama kahawa iko tayari.

Jifunike vizuri, baridi imeanza, na uwasalimie hao majirani hata wasipoitikia.

Ni mimi mdogo wako,
Urho