Sifuri ya Kila Asubuhi

Jumatatu, 5 Agosti 2019

Baridi. Majani nje ya mtambo wa maji yameganda mpaka saa tatu. Nimepima klorini, nimepima tope, nimejaza fomu. Floraidi: 0.0. Kama jana. Kama kila asubuhi tangu Machi 2016, pampu yake ilipopasuka.

Tangazo limebandikwa mpaka kwenye duka la mikate. Halmashauri inataka maoni ya watu wa Mulgildra: tuendelee kutia floraidi kwenye maji ya mji ili kulinda meno, au tuache? Kikao Jumatano ya wiki ijayo, saa nane mchana, ukumbini.

Tuendelee! Nilicheka peke yangu kama mwehu. Halafu kicheko kikaniishia.

Jumanne, 6 Agosti

Sebule imejaa mabango. Coralie ndiye katibu wa kundi la wanaopinga. Mke wangu wa miaka thelathini na nne! Aliniomba nishike kona ya bango apake gundi. Nikashika.

Anasema floraidi ndiyo iliyomla magoti. "Wewe unaitia, mimi inanitafuna," akaniambia akicheka, ila haukuwa utani mtupu. Magoti yalianza kumuuma Juni 2016. Pampu ilikuwa imekufa miezi mitatu.

Ningemwambia wakati ule. Lakini injinia wa wakati ule alisema kipuri kimeagizwa Brisbane, andika sifuri, usihangaike. Nikadhani ni suala la wiki moja. Yeye akahama, mimi nikaendelea kuandika sifuri. Mwezi wa kwanza ingekuwa habari tu. Mwaka wa tatu ni kesi.

Jumamosi, 10 Agosti

Chemchemini. Kilomita arobaini kwenda, arobaini kurudi, madumu manane. Kila Jumamosi, kwa sababu Coralie hanywi maji ya bomba. Mgongo wangu umekwisha.

Njiani alikuwa na blanketi magotini, anaimba. Anasema tangu tuanze maji haya goti la kushoto limepoa kidogo. "Si kila mwanamume angenibebea maji hivi, Lin." Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikawasha redio.

Jumatatu, 12 Agosti

Injinia mpya, Prosser, hajamaliza mwaka hapa. Anaandaa taarifa ya kikao. Akataka wastani wa floraidi wa miaka mitatu. Nikamwonyesha kabati: fomu zote zimo humo. Akalitazama kama mtu anayetazama vyombo vichafu vya harusi.

"Mzee Lindsay, nani atasoma yote haya? Nitaandika kiwango kilichoidhinishwa, basi."

Nikasema afadhali uzisome. Alikuwa ameshashika simu.

Mpaka leo nilikuwa najisifu kwamba sijaandika uongo hata siku moja. Tarehe, sifuri, sahihi. Siku zaidi ya elfu moja. Sasa uongo umechapwa kwa wino wa halmashauri, nami nimeuacha upite.

Jumanne, 13 Agosti

Tamsin Wearne, muuguzi wa meno pale shuleni, alinifuata getini. Macho mekundu. Watoto walioanza shule mwaka huu wana matundu mengi kuliko wote aliowahi kuwatibu. Mmoja, wa miaka mitano, amelazwa hospitali akang'olewa meno sita.

"Miaka kumi na miwili nawaambia wazazi maji haya yanalinda meno. Kesho lazima nisome takwimu zangu, siwezi kuzificha. Wanaopinga watasema si mnaona, dawa ipo majini na meno yanaoza." Kisha akanikazia macho. "Niambie ukweli, mzee wangu. Kuna kitu mtamboni?"

Nikamwambia maji ni safi.

Ni kweli. Ni safi kabisa. Kuna siku nitajichukia zaidi ya leo? Sidhani. Chakula cha jioni sikukigusa.

Jumatano, 14 Agosti

Saa kumi kasoro robo. Mapumziko ya chai. Niko kwenye gari nje ya ukumbi.

Tamsin alisoma takwimu zake. Mtu wa nyuma akapaza sauti: kumbe hata haisaidii! Makofi. Tamsin akaketi, akatazama viatu vyake.

Kisha Coralie. Hakushika karatasi. Alieleza ngazi za nyumbani, anavyozipanda kwa makalio siku za baridi. Watu walifuta machozi. Mimi pia. Maumivu yale ni ya kweli, namsikia kila asubuhi akishuka kitandani.

Baada ya chai zamu ni yangu. Meya ametangaza: Lindsay Crouch, mwendesha mtambo, atatueleza kinachoingia kwenye maji yetu. Halafu madiwani wapige kura.

Nimekuja na jalada la fomu za 2016. Nikisema, nitamvua nguo mke wangu mbele ya mji mzima. Nisiposema, watazima kitu kilichozimika zamani, na watoto wa Tamsin watazidi kung'olewa meno.

Coralie huyo anakuja. Vikombe viwili, kipande cha keki juu ya kimoja. Anatembea upande upande. Jalada liko kwenye kiti chake. Muda wa kulitupa nyuma ninao.

Siligusi. Na ajue yeye kwanza.

Ameingia. Amenipa chai. "Nimesema vizuri?" Vizuri sana, mke wangu. Amelipakata jalada. "Hii ndiyo hotuba yako?" Naandika ili nisimtazame.

Amevaa miwani. Anageuza karatasi. Nyingine. Amerudi kwenye ya kwanza, kidole kiko kwenye tarehe.

Kengele imelia. Prosser ananipungia mkono mlangoni. Coralie hajainua kichwa. Anasoma kwa midomo, bila sauti: Machi. Aprili. Mei.

Juni. Hapo kidole kimesimama. Mkono wake umeshuka mpaka gotini.