Lori Halitoki Mpaka Chai Ichemke

Jumatatu, 6 Februari 1984

Siku ya tisini ya eda. Nimefua mashuka matatu nikayaanika uani kabla Abdala hajaja. Kosa langu mwenyewe. Shemeji kaingia, kapiga stata, moshi mweusi ukapanda ukuta mzima. Mashuka yakajaa masizi. Nimeyafua tena. Sikukasirika. Zamani ningempigia marehemu kelele mpaka Makina nzima isikie.

Abdala anafanya vilevile alivyofanya kaka yake. Akitoka kuswali alfajiri anawasha lori, analiacha lingurume hapo chini ya dirisha letu, haliondoki mpaka chai ichemke. Marehemu alisema injini ya dizeli ikiwa baridi ni kama mgonjwa, haipelekwi mbio. Birika na lori, vyote viwili asubuhi. Ndiyo sheria ya nyumba hii tangu niolewe.

Nimechemsha chai. Abdala kanywa barazani. Lori likaenda.

Jumatano, 8 Februari

Polisi wamesimamisha lori Ngong Road, limebeba mchanga wa Mzee Karanja wa Kawangware. Hawakuuliza leseni. Wamesema moshi. Wameng'oa namba ya mbele na ya nyuma. Siku kumi na nne, lipelekwe inspeksheni, na likitoa moshi tena haligusi barabara.

Abdala amesimama mlangoni, mimi nyuma ya pazia. Amesema serikali imekaza, si sisi tu, malori ya zamani yote yanasakwa. Amesema tuliuze kama chuma. Nimesema hapana. Wazee walishaamua, lori ni la binti yangu Mwanaidi, yeye baba mdogo aliendeshe, ufunguo ulale kwangu. Sijui kwa nini nimekataa. Sikuwa na hamu ya kubishana. Mdomo umesema tu.

Alhamisi, 9 Februari

Abdala amekwenda Industrial Area kwa wakala wa kampuni iliyounda lori. Wamemwambia pampu za dizeli za aina ile haziletwi tena. Kuna lori jipya, moshi wake kidogo. Wakampa karatasi yenye picha. Amerudi na picha.

Mwanaidi ameibandika ukutani. Ana miaka sita, anapenda rangi.

Jumamosi, 11 Februari

Fundi Otieno wa Kisumu Ndogo amekuja, amefungua boneti, ameinama ndani. Nimemsikia akicheka peke yake.

"Mama Mwanaidi," akasema kwa sauti ili nisikie ndani, "mzee wako alikuwa mjanja, haki. Hii skrubu ya pampu amefungulia mpaka mwisho. Gari inakunywa dizeli kama mlevi wa end month."

Sikujua. Miaka yote nilidhani lori letu lina nguvu kwa sababu ni lori zuri. Watu walimsifu, anapanda mlima na mzigo umefura na wengine wameegesha wanapoza injini. Kumbe skrubu. Dizeli nyingi, nguvu nyingi, na ile isiyoungua ndiyo inayotoka nyeusi.

Otieno anasema kila mtu anafanya hivyo. Siku ya inspeksheni unaifunga, ukishapita geti unaifungua tena kando ya barabara. Spana moja, dakika tano.

Nimesema afanye. Nimelala mchana. Nalala sana siku hizi.

Jumanne, 14 Februari

Limepita. Lakini wale wa inspeksheni nao si wajinga, wameshachoka na mchezo huo. Wamepitisha waya kwenye skrubu wakaifunga kwa lakiri, muhuri wa madini ya risasi. Lakiri ikikatwa na polisi akaiona, lori linakamatwa.

Abdala amekuja amenuna. Namba zimerudi, hilo tu.

Jumatano, 15 Februari

Asubuhi nimechelewa kuamka. Sikusikia lori vizuri. Linanguruma chini chini, sauti ya mtu aliyefunikwa blanketi. Nimefungua dirisha, hewa ni ya kawaida.

Mwanaidi amelala mpaka jua likatoka.

Jumatatu, 20 Februari

Lori limekwama mlimani na mzigo kamili. Abdala na wenzake wamemwaga nusu ya mchanga barabarani, wenye magari wakawatukana. Wamefika Kawangware na nusu. Mzee Karanja anajenga vyumba kumi vya kupangisha kwenye shamba la baba yake, mafundi wake wamekaa tu wanasubiri mchanga. Ametuma salamu kwamba anatuheshimu, alimzika marehemu pamoja nasi, lakini ikifika Jumatatu tena hivi, atachukua lori la mtu mwingine.

Abdala anataka lakiri ikatwe. Anasema kaka yake angekata siku ileile. Ni kweli. Angekata huku anapiga mluzi.

Ufunguo ninao mimi. Nimekaa nao mkononi mpaka ukapata joto.

Jumanne, 21 Februari

Nimesema kata.

Bila Karanja hatuli. Hesabu hiyo haihitaji kalamu.

Ijumaa, 24 Februari

Mwanaidi amekohoa. Lori liliwashwa, chai bado haijaanza hata kuimba, naye akaamka akikohoa. Akashuka kitandani akashika ukuta kwa mkono mmoja, akainama. Hajafundishwa na mtu.

Baba yake alikuwa anashika ukuta hivyohivyo.

Nimempa maji. Nimefunga dirisha, nikaziba chini ya mlango kwa kitenge.

Jumapili, 26 Februari

Nataka kuandika jambo moja, halafu nisiliandike tena.

Daktari wa marehemu alisema kifua. Hakusema moshi. Wala sisemi mimi. Huenda ni sigara, huenda ni vumbi la machimbo, huenda ni siku zake zilifika tu. Lakini kila asubuhi kwa miaka kumi na moja alisimama pale nyuma ya lori, mikono mfukoni, akisikiliza injini, akisubiri chai. Mimi nikagombana naye kwa ajili ya nguo. Nguo! Nikafunga dirisha langu, nikaendelea kupuliza mkaa. Yeye nikamwacha nje.

Wageni wa matanga walisema nina subira. Si subira. Sikuwa nasikia chochote. Hata sasa naandika haya, sisikii.

Jumanne, 28 Februari

Mwanaidi amekohoa siku ya tano mfululizo, leo mpaka ametapika. Nikamwacha na bakuli.

Nimetoka nje. Nilivyo, na nguo zangu za eda. Uani ni ndani ya nyumba, si kosa, lakini tangu jeneza litoke nilikuwa sijatoka pale Abdala akiwepo. Abdala alikuwa barazani na kikombe, akasimama, hakujua atazame wapi. Wanawake wa upande wa pili walichungulia juu ya ua. Wachungulie.

Nikapanda kwenye kiti cha dereva. Marehemu alinionyesha siku moja kwa mzaha, dizeli haizimwi kwa ufunguo, kuna kishikio unakivuta. Nikakivuta. Lori likatikisika mara mbili, likanyamaza.

Kukawa kimya hata nikasikia birika jikoni.

"Shemeji," Abdala akasema.

"Mwite Otieno afunge skrubu," nikamwambia. "Na kuanzia leo gari hili halingurumi uani kwangu. Liwashwe kule barabarani, liondoke."

"Na Karanja?"

"Karanja atapata mchanga. Malori hayajaisha Nairobi."

Akasema nimeivunja kazi ya kaka yake. Nikasema ndiyo. Nikarudi ndani. Miguu ilikuwa baridi.

Alhamisi, 1 Machi

Otieno amefunga. Abdala amelirudisha inspeksheni mwenyewe kutiwa lakiri mpya. Wamemsimamisha juani kutwa, wakamkaripia mbele za watu kama mtoto wa shule. Hakunisalimia jioni. Ana haki.

Jumatatu, 5 Machi

Karanja amechukua lori jingine. Abdala amelipita njiani, anasema limefuka moshi mpaka huoni gari la nyuma. Hakuna aliyelisimamisha.

Ndivyo ilivyo.

Ijumaa, 9 Machi

Abdala amepata mizigo myepesi, mboga za sukuma na mkaa wa akina mama wa Silanga, kupeleka soko la Kawangware. Mapato madogo. Tunakula mara mbili kwa siku. Lori linapanda mlima polepole, wenzake wanampigia honi na kuliita gari la maiti. Amenisimulia mwenyewe, karibu acheke.

Mwanaidi hajakohoa tangu Jumapili. Sisemi kitu. Nahesabu tu.

Ijumaa, 16 Machi

Eda imeisha jana. Shangazi wamekuja wakaniogesha, wakanipaka udi, wakalia. Mimi sikulia. Wakatazamana.

Leo nimetoa kanzu yake ya Ijumaa. Ilikuwa chini ya godoro, ile ya mwisho niliyoanika, yenye masizi begani. Nilimgombeza siku ile, akaivaa hivyohivyo kwenda msikitini, akisema Mungu anamjua. Nilikuwa sijaifua.

Nimeifua alfajiri. Masizi hutoka kwa sabuni ya mche ukisugua taratibu. Nikaianika uani, palepale chini ya dirisha. Abdala akaliwasha lori kule barabarani, nikalisikia likienda.

Ilipokauka nikaiteremsha. Nikaigeuza nje ndani. Nikatazama begani, kwenye pindo, kwenye mikono. Nyeupe yote. Hakuna hata doa moja.

Nimelia. Nimeishika kanzu safi nikalia mpaka Mwanaidi akaja kuniuliza nani kanipiga.

Kisha chai ikachemka. Nikamimina vikombe viwili, tukanywa dirisha likiwa wazi.