Damu ya Komando

Goma, Katindo, tarehe 14 Mei 2023

Mpendwa yaya Cirimwami, mukubwa wangu,

Nakusalimia sana kwa upendo wa dada. Habari za Kisangani? Mugongo umeendelea namna gani? Na mama Domitille, malaria imemwacha? Sisi tuko hai, Mungu asifiwe, ingawa bwana yangu Adalbert yuko na mukono ndani ya plasta. Nataka usikie habari hiyo kutoka kwangu, kabla mutu mwingine hajakupigia simu.

Unamukumbuka Komando, imbwa ambaye papa alituachia alipokufa. Mwezi uliopita alianza kukataa chakula, akakonda, akawa analala muchana kutwa. Alhamisi ya tarehe 4, asubuhi, damu ikaanza kumutoka puani. Nikamupigia simu Dorine, daktari wa wanyama, akasema yuko njiani.

Kabla hajafika, Komando alitoka inje akiyumba, kidevu chote chekundu. Mama mumoja akapiga kelele: "Imbwa ya kichaa! Imekula mutu!"

Yaya, sijui watu wale walitokea wapi. Walikuja na mapanga, na nondo, na haya mawe yetu ya volkano yenye makali. Jiwe la kwanza lilimupasua ubavu. Alilia kama mutoto.

Adalbert akamuvuta mpaka mulangoni, akamukinga kwa mwili wake. Papa Cikuru, jirani yetu, ambaye tunasali naye kanisa moja, akainua nondo: "Toka, ao nakupiga na wewe!"

Adalbert hakutoka. Nilisikia mufupa wake ukivunjika. Nondo ikainuka tena, ikamupata Komando usoni. Jicho moja limekufa. Mimi nikamurukia Cikuru, nikamuuma mukono mpaka nikaonja damu yake. Mawe yalikuwa bado yanaanguka wakati Dorine alipoingia na pikipiki katikati ya watu, akipiga honi bila kuacha, mpaka wakarudi nyuma.

Alivaa glavu, akafunua midomo ya Komando. Ufizi ulikuwa mweupe, na damu inatiririka. Akageuza masikio: kupe wamejaa, wamevimba kama mbegu za maharagi. Akamupa maji, kwani imbwa wa kichaa mara nyingi hawezi kumeza; Komando akanywa.

"Sijasema bado kwamba si kichaa," Dorine akawaambia. "Tutamufunga, tutamuangalia. Lakini kuna ugonjwa wa kupe unaoharibu damu, hata itoke puani hivi. Nachukua damu nikaipime. Kuna imbwa mwingine hapa aliyetoka damu?"

Ni bibi ya Cikuru aliyejibu: "Wetu. Juma lililopita. Bwana yangu alimuua na nondo ile ile, watoto wakiangalia."

Cikuru aliiachilia nondo chini, akaenda bila kumuangalia mutu.

Kesho yake Dorine akatuambia ameona kwa mikroskopi wadudu wa ule ugonjwa ndani ya chembe za damu. Alimupa Komando vidonge vya doxycycline, tukamutoa kupe wote, tukapuliza dawa parsele nzima, nyumba na kiwanja. Siku kumi zimepita, kichaa hakikuonekana. Sasa anakula, na damu imekatika.

Yaya, mimi sijasamehe. Nikiona nondo kwa wajenzi, navuka barabara. Jana Cikuru alikuja kuomba musamaha. Alisimama inje ya mulango, akaanza kulia kwa sauti kubwa kwamba watoto wake hawamusemeshi tena. Komando aliposikia sauti ile, alijikojolea pale alipolala, akatetemeka mwili wote.

Adalbert alifungua mulango kidogo tu. "Papa Cikuru," akamwambia, "sema polepole. Imbwa anakusikia."

Cikuru akafunga kinywa. Adalbert akafunga mulango.

Umusalimie sana mama Domitille, na Benny, na mama mukubwa Igihozo ukimuona. Adalbert anakusalimia kwa mukono wake muzima. Mungu awalinde ninyi na nyumba yenu, awape usingizi wa amani.

Mimi dada yako mudogo, akupendaye siku zote,

Jeanine