Damu ya Shaame na posa ya Khairat

Yakhe Sabir, Shaame nusura aikose harusi kwa chupa moja ya damu.

Mzee Faki wa Wambaa, yule aliyemkatalia posa ya binti yake Khairat, jana kapasuliwa tumbo, ikatakiwa damu. Yeye grupu O, na mtu wa O hapokei ila O. Wapwa zake wote A na B. Mkewe, Bi Mize, kishamtolea mwezi uliopita, bado hajaruhusiwa tena. Khairat kilo hazikutimia.

Mwenye O nani? Shaame. Katoa huku anatabasamu kama kishaoa.

Leo mzee kapata nguvu, kamwita kitandani.

"Mungu akulipe. Sasa we mwanangu, damu yako imo ndani yangu. Khairat dada yako, kama mlionyonya ziwa moja. Ndoa haipo."

Dada yake, yakhe. Mtu katoa damu, kapewa dada.

Bi Mize anakoroga uji, hata hakugeuka.

"Mwezi uliopita si ulitiwa yangu? Basi na mie dada yako, Baba Khairat. Ukirudi nyumbani utalala barazani."

Mzee kamgeukia Shaame upesi.

"Shaame, waambie wazee wako waje Ijumaa."